Msimkate Kauli Padri Laurence

Maneno niliyowaambia wanafunzi na walimu wa maigizo jioni moja, kabla hawajaanza mazoezi ya sehemu mbili za mwisho za Romeo na Juliet, mchezo wa Shakespeare. Nimeyanyoosha kidogo yasomeke. Porojo nyingine nimeziacha zilivyo.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana wetu wa jukwaani, nanyi wazazi mliokuja kuona ni jambo gani hili linalowachelewesha watoto wenu kurudi nyumbani: habari za jioni.

Nimepewa nusu saa, na nitajitahidi niwe mfupi. Naona waliosoma mchezo mpaka ukurasa wa mwisho wameanza kucheka. Wana haki. Hayo ndiyo maneno ya Padri Laurence pale kaburini, maiti tatu zikiwa zimelala mbele yake: nitakuwa mfupi, anasema, maana pumzi niliyobakiwa nayo haifiki urefu wa hadithi ya kuchosha. Akishasema hivyo anaendelea kwa mistari 40 hivi. Anasimulia kila kitu tangu ndoa ya siri ya Romeo na Juliet, watoto wa koo mbili hasimu, Montague na Capulet, na anawasimulia watu ambao kila kitu wamekiona kwa macho yao wakiwa wameketi vitini.

Hapo ndipo nataka tukae usiku huu. Sitazungumzia mwezi wala dirisha, hayo mnayajua. (Na kwa taarifa yenu, neno roshani Shakespeare hakuliandika popote katika mchezo huu. Ile roshani ya Verona, mji wa Italia wa hadithi hii, wanayopigia picha watalii ilipachikwa kwenye nyumba miaka ya 1930.)

Hotuba hiyo ya Padri ndiyo hutangulia kuchinjwa kila mtu anaposhika kalamu apunguze mchezo. Samuel Johnson, msomi mkubwa wa Uingereza, aliandika katika toleo lake la michezo ya Shakespeare la 1765 kwamba inasikitisha mtunzi hakumaliza maneno pamoja na vitendo, akatuletea simulizi la mambo tunayoyajua tayari. Filamu mbili mashuhuri za mchezo huu, ya 1968 na ya 1996, zote zimeiacha. Nami miaka mingi iliyopita, nilipouandaa mchezo huu na wanafunzi wa sekondari, niliikata bila huruma. Muda ulikuwa mdogo, na kijana aliyecheza Padri alikuwa hajaishika hata nusu.

Siku ya tatu ya mazoezi, binti aliyecheza mama yake Juliet akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mimi nimejua saa ngapi kwamba mwanangu alikuwa mke wa mtu?"

Nikafungua kitabu, nikiwa na hakika jibu lipo. Nikapekua sehemu ya nne, hakuna. Nikapekua ya tano. Mama hajui. Baba hajui. Paris, mposaji, kafa hajui. Mtawala wa mji hajui. Mzee Montague, aliyefiwa na mkewe usiku ule ule kwa uchungu wa mtoto kufukuzwa mjini, hajui kwamba alikuwa na mkwe. Wote wameletwa makaburini na kelele za barabarani, na wanachokiona hakieleweki: binti aliyezikwa juzi anatoka damu yenye joto, na ubavuni pake amelala mtoto wa adui.

Wa kwanza kuwaambia ni Padri, katika hiyo mistari niliyokuwa nimeipiga kalamu nyekundu. Romeo huyu aliyelala hapa, anasema, alikuwa mume wa Juliet. Na huyu aliyelala hapa ni mke mwaminifu wa Romeo. Niliwafungisha ndoa.

Kwa hiyo Johnson alitazama upande wetu tu. Sisi tunajua, ndiyo. Wao hawajui. Onyesho lile kazi yake ni usikilizaji: kundi la wazee limesimama alfajiri, linaambiwa habari ambayo ingefika kwao siku chache nyuma watoto wangekuwa hai. Niliwafungisha ndoa. Maneno mawili. Tangu siku ile kila nikiusoma mchezo huu nayafuata hayo maneno mawili, natazama yalifika midomoni mwa Padri mara ngapi yakarudi.

Sehemu ya nne inafunguka Padri akiwa chumbani mwake na Paris. Kijana huyu amekuja kuandikisha harusi yake na Juliet, Alhamisi. Hana baya. Ni mtu wa heshima, mzee Capulet kamkubali, na anaeleza kwa upole kwamba mzee anaharakisha kwa sababu binti analia mno kifo cha Tybalt, binamu yake, na upweke unamdhuru. Padri anamjibu kwamba muda ni mfupi na jambo hilo halimpendezi. Halafu anageukia pembeni, anajisemea: laiti nisingeijua sababu ya kulichelewesha. Mposaji yuko hatua mbili mbele yake, ni mtu wa kusikia, na hakuna shahidi. Hakusema. Hiyo ni mara ya kwanza.

Juliet anaingia. Kumbukeni ametoka wapi. Baba amemwambia asipokubali ndoa hii atakufa njaa barabarani asimjue. Mama amemwambia nimemalizana nawe. Yaya aliyemnyonyesha, aliyekuwa mshenga wa ndoa ya kwanza, amemshauri aolewe tu na huyu wa pili, Romeo kwa Paris ni dekio la jikoni. Na ana miaka 13. Atatimiza 14 usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti. Katika hadithi ya Kiitaliano ya Bandello, iliyotoka 1554, msichana huyu ana miaka 18. Katika utenzi wa Kiingereza wa Arthur Brooke wa 1562, ambao Shakespeare aliutegemea sana, ana 16. Shakespeare akapunguza tena. Hakumpunguzia umri ili tumwonee huruma tu. Alimpunguzia ili tuwatazame watu wazima wanaomzunguka.

Na huyu mtu mzima mmoja aliyebaki anampa nini? Kichupa. Ukinywa utapoa, mapigo yatasimama, midomo na mashavu yatapauka, utakaa kama maiti kwa saa 42. Watakubeba uso wazi mpaka kwenye kaburi la ukoo wenu. Mimi nitamwandikia Romeo, aliyefukuzwa mjini na sasa yuko Mantua, aje, tukungoje uamke.

Jamani. Mlango ulikuwa pale pale. Kutoka kwa Padri hadi nyumbani kwa Capulet ni mwendo wa miguu. Ndoa ya kwanza ilikuwa halali kanisani, na ikitangazwa ya pili haiwezekani, hata mzee apasuke. Sitaki kulifanya jambo jepesi. Tybalt kazikwa juzi, Romeo ndiye aliyemuua, na sasa uende kwa wafiwa uwaambie mwuaji ndiye mkwe wenu, tena mimi ndiye niliyewaoanisha saa chache kabla. Anayesema lilikuwa jambo rahisi hajawahi kutumwa kwa mzee mwenye hasira. Lakini pima: upande mmoja hasira ya Capulet na aibu ya Padri, upande wa pili binti wa miaka 13 alale saa 42 kati ya mifupa. Padri akachagua binti alale.

Na binti aliliona. Hapa naomba anayecheza Juliet anisikilize vizuri. Sehemu ya nne, onyesho la tatu, uko peke yako, kichupa mkononi. Una woga mwingi: dawa isipofanya kazi je, nikiamka kabla Romeo hajaja nikakosa pumzi je, nikimwona Tybalt anaoza kwenye sanda nikarukwa na akili, nikaanza kuchezea mifupa ya mababu je. Waigizaji wote hukimbilia mifupa, maana mifupa inatisha na inaleta makofi. Mimi nataka ukae kwenye woga wa pili, ule wa katikati, unaopita haraka. Juliet anasema: je, kama hii ni sumu, Padri ameniandalia kwa hila nife, asije akaaibika kwa ndoa hii, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifungisha na Romeo?

Kasema. Mtoto peke yake chumbani, usiku, ameusoma moyo wa Padri kuliko mji mzima ulivyowahi kuusoma. Amekosea kitu kimoja: kichupani hamna sumu. Hofu ya aibu haikuwekwa ndani ya dawa, ilikuwa sababu ya kuwepo dawa. Kisha anajikemea: hapana, siku zote amejulikana kuwa mtu mtakatifu. Shikeni sentensi hiyo. Itarudi, na atakayeirudisha ni mkubwa wa mji.

Anakunywa. Nyumba nzima chini yake haijalala.

Onyesho linalofuata ni fupi, na nalipenda kupita kiasi. Mzee Capulet ameirudisha harusi nyuma kwa siku moja, kutoka Alhamisi hadi Jumatano, kwa furaha tu ya kumwona binti amerudi mtiifu. Hajui kwamba amempunguzia mbeba barua siku nzima. Sasa ni saa tisa za usiku, jogoo wa pili amewika, mzee yuko jikoni anahimiza nyama, anasema gharama isiangaliwe. Wapishi wanataka tende, mama anatoa funguo akaletwe viungo, Yaya anamfukuza mzee akalale, asije akaugua kwa kukesha. Mzee anajibu kwamba amekesha mara nyingi kwa mambo madogo kuliko haya. Kila aliyewahi kukesha kwenye shughuli ya familia anamjua mzee huyo. Asichezwe kama jitu. Mchezeni kama baba yenu.

Kisha Yaya anapanda kumwamsha bibi harusi.

Kilio kinachofuata kina maneno mengi na marudio mengi, na waongozaji huona haya. Msione haya. Ni kilio cha watu wanaolia kwa zamu, kila mmoja akitaka chake kisikike, kama tunavyolia sisi. Ila mtazameni anayeingia katikati yake. Paris amekuja na wapiga muziki, na pamoja nao Padri, ambaye anauliza mlangoni: haya, bibi harusi yuko tayari kwenda kanisani?

Anajua. Yeye peke yake katika nyumba ile anajua kwamba aliyelala juu yu hai. Na baada ya baba kumjibu kwamba kifo ndicho kimekuwa mkwe wake, Padri anatoa mahubiri. Nyamazeni, ni aibu; binti huyu mlikuwa naye kwa ubia na mbingu, sasa mbingu imechukua fungu lote; futeni machozi, mpambeni kwa majani, mpelekeni kanisani. Mahubiri mazuri. Yangetosha msiba wowote wa kweli. Ufunguo wa kuzima vilio vyote vile umo mfukoni mwake, naye anautumia kufungulia kitabu cha faraja. Hiyo ni mara ya pili, na kwangu ndiyo mbaya zaidi, maana ile ya kwanza alinyamaza tu. Hii ameongea mengi ili asiseme hayo mawili.

Kijana utakayecheza Padri, nakuomba usitafute uovu. Ukimpa jicho la hila umeuua mchezo. Huyu mzee anaamini anawafariji. Anaamini saa 42 zikipita ataonekana mwenye hekima, koo mbili zitapatana, na kila mtu atamshukuru. Wangapi tunao wa namna hiyo, kwenye vikao vyetu vya familia, wenye mpango mzuri ambao hawajamwambia mtu?

Vyombo vya harusi vinageuka vya matanga. Capulet mwenyewe anasema hivyo: ngoma ziwe kengele, karamu iwe ya mazishi, maua ya bibi harusi yavalishwe maiti. Na wapiga muziki, baada ya kutaniana na mtumishi Peter, wanaamua kuwasubiri waombolezaji, kwa sababu chakula kipo. Msicheke sana, mnawajua watu hao, baadhi yetu ndio hao. Katika chapa ya 1599, pale Peter anapoingia, badala ya jina lake limechapwa jina la mchekeshaji halisi wa kundi la Shakespeare, Will Kemp. Mtunzi alipokuwa anaandika alishamwona rafiki yake akiingia.

Sasa twende Mantua, kama kilomita 40 kutoka Verona.

Watu wengi hulalamika kwamba tanzia hii inaangushwa na ajali ya barua. Wanasema Hamlet anakufa kwa tabia yake, Makbeth kwa tamaa yake, hawa wanakufa kwa posta. Mimi nasema tazameni nani anabeba nini. Habari ya uongo, kwamba Juliet amekufa, ilikuwa mali ya mji mzima. Balthasar, mtumishi wa Romeo, aliona maziko kwa macho yake kama mtu yeyote aliyesimama njiani, akapanda farasi akaenda. Hakuna aliyemzuia. Habari ya kweli ilikuwa mali ya mtu mmoja, imefungwa ndani ya barua moja, mikononi mwa Bruda John, mtawa Mfransisko anayetembea pekupeku, ambaye hata yeye hakuambiwa amebeba nini. Uongo ulikwenda kwa farasi kwa kuwa ulitangazwa kwa kengele. Ukweli ulikwenda kwa miguu kwa kuwa ulikuwa siri.

Tena Bruda John hakufika popote. Alimtafuta mtawa mwenzake wa kusafiri naye, akamkuta anahudumia wagonjwa, na wakaguzi wa mji wakiwashuku wote wawili kuwa wametoka nyumba yenye tauni, wakafunga milango, wakaitia lakiri. Karantini. Kwa watazamaji wa kwanza wa mchezo huu hiyo haikuwa hila ya mtunzi aliyeishiwa. Kumbi za michezo za London zilifungwa kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1592 hadi 1594 kwa sababu ya tauni. Waliokuwa wanatazama walishaziona nyumba za majirani zikifungwa, msalaba mwekundu mlangoni. Nasi tangu 2020 hatuhitaji kuelezwa. Mlango kufungwa ni ajali, nakubali. Kuwa na barua moja tu, na mjumbe asiyejua uzito wake, hiyo si ajali.

Romeo hafanyi msiba. Anasema maneno machache dhidi ya nyota, anaagiza farasi, anamkumbuka muuza dawa mmoja aliyemwona karibuni. Nataka jukwaani duka hilo lionekane hata kwa meza moja: kobe ananing'inia, mamba aliyejazwa majani, ngozi za samaki, na kwenye rafu maboksi matupu yaliyopangwa kwa nafasi ili yaonekane mengi. Huko Mantua adhabu ya kuuza sumu ni kifo. Romeo anaweka mbele yake ducat 40, sarafu za dhahabu. Ni umaskini wangu unaokubali, si nia yangu, anasema yule mtu. Nami nalipa umaskini wako, anajibu Romeo, na anaongeza kwamba dhahabu ndiyo sumu mbaya zaidi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuuzia wewe.

Wekeni wauza dawa hao wawili kando kando. Wote ni watu wa majani na vichupa. Mmoja ana njaa, anauza kwa kulazimishwa, na sheria inamngoja. Mwingine ameshiba heshima, anatoa bure, na hakuna anayemshuku. Katika utenzi wa Brooke hukumu zimeandikwa waziwazi: muuza dawa ananyongwa, Yaya anafukuzwa mjini, mtawa anajitenga nyikani. Shakespeare amefuta orodha hiyo. Mtawala wake anasema tu kwamba wengine watasamehewa na wengine wataadhibiwa. Siwezi kujizuia kufikiri ni nani atakuwa kwenye fungu lipi.

Kaburini nitapita haraka, maana huko mtafanya kazi wiki mbili nzima na mkongwe mwenzangu anayefundisha mapanga. Neno moja tu kuhusu Romeo: anapomtazama Juliet anasema rangi nyekundu bado iko midomoni na mashavuni mwake, kifo hakijapandisha bendera yake nyeupe. Anaisoma dalili ya uhai, tena kwa ufasaha, na haielewi. Angekuwa ameambiwa angeielewa. David Garrick, mwigizaji mashuhuri wa London, mwaka 1748 hakulivumilia jambo hilo, akaandika upya onyesho Juliet aamke kabla Romeo hajakata roho, wakaagana. London ikaupenda mwisho huo kwa karibu miaka 100. Bandello naye alifanya hivyo hivyo kabla yake. Naelewa tamaa yao. Walitaka Romeo ajue. Shakespeare akamwacha afe kama walivyokufa wote katika mchezo huu, bila habari.

Halafu anafika Padri, na sururu yake na taa. Miguu yangu mizee imejikwaa mara ngapi makaburini usiku huu, anasema. Huyu ndiye aliyemwambia Romeo katika sehemu ya pili aende polepole, wanaokimbia hujikwaa. Juliet anaamka, ametulia, akili zimemjaa: bwana wangu yuko wapi, nakumbuka vizuri mahali ninapopaswa kuwa, na hapa ndipo nilipo. Padri anamwambia mume wako amekufa, yupo hapo kifuani mwako. Na Paris naye. Twende, nitakutafutia nafasi kwa masista. Mbali anasikia walinzi. Sithubutu kukaa zaidi, anasema, na anakimbia. Anamwacha mtoto na maiti mbili na jambia.

Ndiyo maana walinzi wanapomkamata na kumrudisha, anatetemeka, analia, sururu wamemnyang'anya, sikubali akatwe kauli. Sasa asimame aseme.

Na asikilizwe anavyosema, kwa sababu hata hapo hasemi yote. Anamgeukia Capulet: wewe, ili kumwondolea huzuni, ukataka kumwoza kwa nguvu. Anamtaja Bruda John aliyezuiwa. Anamtaja Yaya, kwamba alijua. Kuhusu kukimbia kwake anasema kelele zilimtisha, na binti akakataa kufuatana naye. Kuna jambo ambalo hakuligusa kabisa: kwa nini aliwaoanisha. Aliwaoanisha kwa sababu alitumaini ndoa ile ingegeuza chuki ya nyumba mbili kuwa upendo, alimwambia Romeo hivyo kwa kinywa chake. Alitaka kuwa mpatanishi. Hilo halimo katika mistari 40. Mwishoni anasema kama kuna kosa langu, sheria inichukue, mimi ni mzee. Kama.

Na Mtawala anamjibu: siku zote tumekujua kuwa mtu mtakatifu. Maneno yale yale, jamani. Juliet alijikemea kwa sentensi hiyo akanywa.

Inasomwa barua ya Romeo kwa baba yake, aliyompa Balthasar aifikishe asubuhi na mapema. Barua hiyo inathibitisha maneno ya Padri. Ndiyo barua iliyofika.

Capulet ananyoosha mkono. Ndugu yangu Montague, nipe mkono wako. Hii ndiyo haki ya binti yangu, zaidi ya hii siwezi kudai. Neno alilotumia kwa Kiingereza cha wakati ule ni la sheria: mali ambayo upande wa mume humtengea mke, ili akija kuwa mjane asitangetange. Mzee anadai matunzo ya mjane kwa ajili ya mjane ambaye maiti yake iko miguuni pake. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia mbili za mwandishi huyu miaka ya 1960 alituonyesha kwamba Kiswahili kinamweza, lakini neno hilo limenisumbua. Katika skripti yenu nimeweka mahari. Wasomi watanibishia, na wana hoja. Nilitaka kila mzazi humu ukumbini alisikie bila kuelezwa.

Montague anasema atatoa zaidi: sanamu ya Juliet ya dhahabu safi. Capulet hakubali kupitwa, na ya Romeo itakuwa na thamani sawa. Bado wanashindana. Verona ya leo ipo sanamu ya Juliet, ya shaba nyeusi, iliyowekwa 1972, na wageni wakaishika kifua kwa ajili ya bahati mpaka ikachakaa, ikabidi 2014 iwekwe nakala.

Ninamaliza na yule binti wangu wa sekondari. Nilimrudishia Padri mistari yake, si yote, kama 25, na kijana akakesha akaishika. Usiku wa onyesho mama yake Juliet alikuwa amesimama kushoto kwa jukwaa. Hana neno hata moja baada ya Padri kuanza kusema, Shakespeare hakumpa. Alisikiliza tu. Niliwafungisha ndoa, akasikiliza. Saa 42, akasikiliza. Padri alipofika pale kwamba Yaya alijua, sikuwa nimemwelekeza chochote, binti akageuza kichwa upande wa kulia akawa anamtafuta Yaya kwa macho, polepole, katikati ya watu wote waliokuwa jukwaani. Yaya hayumo katika onyesho hilo. Aliyemcheza alikuwa nyuma ya pazia karibu nami, ameshavua kilemba, chupa ya soda mkononi, na alipouona ule uso ukimtafuta akaiweka chini chupa, akarudi nyuma hatua moja.